A. J. Showalter na Nota za Maumbo: Wimbo kama Kazi ya Mwalimu

Katika mwaka 1887, katika mji wa Dalton, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kilitolewa kitabu cha nyimbo za mikutano ya injili kiitwacho The Glad Evangel. Ndani yake mlikuwamo wimbo mmoja, “Leaning on the Everlasting Arms”, yaani kuegemea mikono ya milele. Sauti zake na kiitikio chake vilitungwa na Anthony Johnson Showalter. Beti zake zilitungwa na mchungaji Elisha Hoffman. Kitabu kile leo kinajulikana na wachache mno, lakini wimbo ungali unaimbwa. Mtu aliyefunzwa muziki chuoni akiutazama ataona kuwa ni mwepesi, umejaa maneno yale kwa yale. Mpenzi wake naye atasema kuwa ni ufunuo, na kwamba ufunuo hauchambuliwi. Mimi naona wote wawili wamelikosa jambo lenyewe. Wimbo huu si wa mjinga wala si wa nabii. Ni kazi ya mwalimu aliyezunguka vijijini akifundisha watu kusoma nota, na mtu asiyejua jinsi alivyofundisha hawezi kuuhukumu kwa haki.

Showalter alizaliwa mwaka 1858 katika wilaya ya Rockingham, jimbo la Virginia. Mahali pale palikuwa na historia yake. Ndipo alipoishi Joseph Funk (1778–1862), Mmenoni mwenye asili ya Kijerumani, ambaye kitabu chake cha nyimbo cha mwaka 1832 baadaye kiliitwa Harmonia Sacra. Mjukuu wake, Aldine Kieffer, alishirikiana na Ephraim Ruebush kuendesha kampuni ya kupiga chapa. Watu hawa wawili walikuwa pande mbili zilizopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kieffer upande wa Kusini na Ruebush upande wa Kaskazini. Na vita vilipokwisha walirudi wakawa washirika wa biashara. Gazeti lao, The Musical Million, lilianza mwaka 1870, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzitetea nota za maumbo. Katika mwaka 1874 ikaanzishwa huko New Market shule ya kuwafunza walimu wa kuimba, na Showalter alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Baba yake alikuwa mwalimu wa kuimba pia, hivyo kijana aliirithi kazi kabla ya kuisomea. Katika mwaka 1880 alitoa kitabu cha kufundisha upatanifu wa sauti na utungaji. Mwaka 1884 akahamia Dalton, awali kwa niaba ya kampuni ya Ruebush na Kieffer, kisha akajitegemea. Alifariki mwaka 1924.

Sasa yatupasa kueleza nota hizo, kwa kuwa msomaji wetu huenda hakupata kuziona. Katika nota za kawaida kila alama ina kichwa cha mviringo, na sauti yake hujulikana kwa mahali ilipokaa juu ya mistari mitano, pamoja na alama za kupandisha na kushusha zilizotiwa mwanzoni mwa mstari. Msomaji hana budi kwanza kuzihesabu alama zile, apate kujua “do” iko wapi leo, ndipo aanze. Katika nota za maumbo mistari mitano imebaki kama ilivyo, lakini kichwa cha nota chenyewe hutaja jina lake. Do ni pembetatu. Re ni kama bakuli. Mi ni almasi. Fa ni pembetatu yenye pembe mraba. Sol ni mviringo, la ni mraba, na ti ni kama pia iliyoviringwa juu. Hata wimbo ukihamishwa juu au chini, do ni pembetatu vile vile. Mwanzo wake ulikuwa maumbo manne tu, katika kitabu cha William Little na William Smith kiitwacho The Easy Instructor cha mwaka 1801, na namna hiyo ya manne ndiyo iliyotumika katika The Sacred Harp cha mwaka 1844, ambacho kingali kinaimbwa hata leo. Maumbo saba niliyoyataja ni yale ya Jesse Aikin wa Philadelphia, ya mwaka 1846, na ndiyo yaliyoshinda.

Mtu wa elimu ya lugha akiyaona haya hukumbuka mara moja mambo ya tahajia. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi, na katika uandishi ule wa zamani irabu “e” na “i” hazikutenganishwa, wala “o” na “u”. “B” na “p” mara nyingi ziliandikwa kwa herufi moja. Aliyelijua shairi aliweza kulisoma. Asiyelijua alilazimika kubahatisha. Hati ile haikuwa mbovu. Ilimtaka msomaji alete ujuzi wake mwenyewe. Nota za mviringo nazo ni hivyo: zinamtumikia vema yule ambaye amekwisha jua. Nota za maumbo huandika kile ambacho sikio la mwimbaji hukisikia hasa, yaani uhusiano wa sauti na sauti, si kimo chake peke yake. Katika lugha twaandika zile sauti zinazotofautisha maana, hatuandiki kila mtetemo wa koo. Hawa walimu wa vijijini walikwisha fika kwenye wazo hilo katika muziki kwa njia ya kazi tu, bila ya nadharia.

Walidharauliwa. Huko Boston, Lowell Mason (1792–1872) na wenzake walikuwa wakieneza “muziki bora”, yaani muziki wa namna ya Ulaya, wakautia hata katika shule za serikali. Na watu wa mjini waliyaona maumbo kuwa ni magongo ya viwete. Dharau hiyo haikuwa juu ya nota peke yake. Ilikuwa juu ya mashamba, juu ya lafudhi, juu ya viatu vyenye tope. Showalter mwenyewe hakuwa mtu asiyejua njia nyingine: katika mwaka 1895 alikwenda Uingereza, Ufaransa na Ujerumani kutazama jinsi walimu wa huko walivyofundisha. Kisha alirudi Dalton akaendelea na kazi ile ile. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa aliyachagua maumbo kwa kukosa elimu.

Shule ya kuimba ilikuwa hivi. Mwalimu hufika kijijini wakati ambapo kazi ya shamba imepungua. Hupewa jengo la kanisa au la shule. Kwa muda wa siku kumi, au wiki mbili au tatu, wakubwa kwa wadogo hukaa katika makundi manne ya sauti, wakaanza na majina ya maumbo kabla ya kuyagusa maneno. Wimbo huimbwa kwanza kwa do, re, mi, kila kundi na sehemu yake, na halafu tu hutiwa mashairi. Muda ukiisha, mwalimu hufunga mizigo yake, na vitabu alivyouza hubaki nyuma. Ni vema tuseme waziwazi kwamba hii ilikuwa biashara pia. Kila mwaka ulitaka kitabu kipya, na kitabu kipya kilitaka nyimbo mpya, nzuri na mbaya. Showalter alitoa makumi ya vitabu, na nyimbo zilizo nyingi ndani yake zilistahili kusahauliwa kama zilivyosahauliwa. Tena shule na mikutano hiyo ilifuata ubaguzi wa nchi ile: Wazungu walikuwa na yao, na Wamarekani Weusi wakajitengenezea yao, wakaishika sanaa hii kwa nguvu hata Judge Jackson wa Alabama akatoa kitabu chake, The Colored Sacred Harp, mwaka 1934. “Mikono ya milele” iliimbwa katika vyumba viwili vilivyotengwa.

Kuhusu chanzo cha wimbo wetu husimuliwa kwamba Showalter alikuwa akifundisha huko Hartselle, Alabama, alipopata barua mbili kutoka kwa watu wawili aliowafundisha zamani, kila mmoja akieleza kuwa amefiwa na mkewe. Katika kuwajibu aliwakumbusha Kumbukumbu la Torati, sura ya 33, mstari wa 27, panaposemwa habari za mikono ya milele iliyo chini ya mtu. Maneno yale yakamletea kiitikio pamoja na sauti zake. Beti hazikuja, akamwandikia Hoffman azitunge. Kisa hiki hupendwa na wahubiri kwa ajili ya huzuni yake. Kwangu mimi kina faida nyingine: chatuonyesha mpango wa kazi. Kiitikio kilitangulia. Beti ziliagizwa baadaye ili zikitumikie kiitikio, kama vile mshairi wetu apewavyo kipokeo akatakiwa kukitungia beti.

Tazama jinsi Hoffman alivyolitimiza agizo hilo. Kila ubeti una mistari minne, yenye mizani kumi, tisa, kumi, tisa. Mstari wa pili na wa nne ni mmoja, nao ndio jina la wimbo. Na mwisho wa kiitikio ni mstari huo huo tena. Kwa hiyo kila mzunguko mstari mmoja husikika mara tatu, na katika beti tatu husikika mara tisa. Mistari ambayo kweli ni mipya katika wimbo mzima, ukiacha kiitikio, ni sita tu. Mchambuzi wa maandishi atasema huu ni umaskini. Lakini tumfikirie mtu aliyekaa kwenye benchi siku ya tatu ya shule, hajui kusoma vizuri, na kitabu amekishika pamoja na jirani yake. Akiisha kuujua mstari mmoja, ameshika nusu ya ubeti. Hatachelewa kuimba kwa sababu ya kutafuta maneno, akili yake yote aweza kuitia katika sauti yake ya pili au ya besi. Upatanifu nao hautoki katika mapatano matatu makuu, lile la do, lile la fa na lile la sol. Haya ndiyo afundishwayo mwanafunzi siku za kwanza, na hapa anayakuta yakifanya kazi. Urudiaji wa namna hii si pambo wala si uvivu. Umetungwa kwa makusudi ili kundi la watu lisianguke.

Jambo lililo kubwa zaidi limo katika kiitikio, na si rahisi kuonekana na mtu asomaye maneno peke yake. Sauti za juu huanza na neno moja, la kuegemea, zikalivuta kwa muda mrefu. Wakati zinapolivuta, tena na besi huingia chini yake na kujibu kwa haraka, wakimtaja huyo anayeegemewa, Yesu. Kisha wote hukutana. Sasa angalia: jina hilo halimo katika beti, ambamo mna neno “Bwana” tu, halimo katika sauti ya kwanza ya kiitikio. Limo katika sauti za chini peke yake. Aimbaye wimbo huu pekee, kwa sauti ya kwanza, atauimba toka mwanzo hata mwisho bila ya kulitaja jina ambalo wimbo wote umejengwa juu yake. Ataegemea, lakini hasemi hasa ni kwa nani. Mikono imewekwa chini katika muziki kama ilivyo chini katika andiko.

Hapo ndipo ilipo sanaa ya Showalter, nami nadhani hakuna mwenye kuwaza juu ya maneno peke yake awezaye kuigundua. Kuna mtu mmoja aliyeitambua vizuri sana, naye hakuwa mwanamuziki: Charles Laughton, mwigizaji wa Kiingereza, alipoongoza filamu yake The Night of the Hunter mwaka 1955. Mhubiri wa uongo, muuaji wa wajane, achezwaye na Robert Mitchum, huuimba wimbo huu mara kwa mara, kwa sauti nzuri ya kutisha, na huimba sauti ya juu tu. Usiku mmoja yuko nje ya nyumba ya mama mzee aliyewapokea watoto anaowawinda. Mama huyo, Lillian Gish, amekaa na bunduki mapajani. Mhubiri aanza kuimba. Mama naye aitikia, na anachokiitikia ni ile sehemu ya chini yenye jina la Yesu. Wanaimba pamoja, kwa upatanifu kamili, na bado kila mmoja ni adui wa mwenzake. Watazamaji wengi husema kwamba filamu hiyo inaukejeli wimbo. Sivyo. Inausoma. Wimbo ulioachwa bila sauti zake za chini waweza kuwa wa mtu yeyote, hata wa mbwa mwitu; na hili ni kosa la wimbo wenyewe pia, hatuna budi kulikubali. Hauombi kitu, hauungami kitu, haumwulizi mwimbaji ametoka wapi. Nyimbo za kale za The Sacred Harp, zisemazo habari za kaburi na hukumu bila ya kupunguza, haziwezi kutumiwa na mhubiri yule kwa wepesi kama huo.

Mambo haya si ya mbali nasi kama yanavyoonekana. Kwaya zetu za Afrika Mashariki hazikufunzwa maumbo, lakini zilifunzwa ndugu yake, solfa ya herufi, iliyoanzishwa na Sarah Glover huko Norwich, Uingereza, na kuenezwa na John Curwen, kisha ikaletwa na wamisheni. Hii iliitupa hata mistari mitano, ikabakiza herufi d, r, m na alama za mapigo, ambazo mwalimu aweza kuziandika ubaoni kwa chaki au kuzipiga taipu. Kwa njia hiyo hiyo Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti zake ndizo tuimbazo Tanzania tuimbapo “Mungu Ibariki Afrika”. Ni miaka kumi tu baada ya kitabu cha Dalton. Yeye naye alikuwa mwalimu wa kwaya kwanza, mtungaji baadaye. Kwa hiyo nisikiapo msomi wa kwetu akisema kwamba mwanakwaya asomaye solfa “hajui muziki”, nasikia sauti ya Boston, na sioni kwa nini tuikope dharau ambayo hata huko ilikotoka haikuweza kuwanyamazisha watu.

Lakini tulipozipokea nyimbo za namna hii kwa tafsiri, mara nyingi tulizichukua kwa karatasi na kuiacha shule iliyozizaa. Katika usharika ambao wote huimba sauti ya kwanza, kiitikio cha Showalter hupoteza jina lake kama nilivyoeleza. Na kuna tatizo la pili, la lugha. Mstari ule mkuu una mizani tisa katika Kiingereza, mkazo ukiangukia ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba na ya tisa. Huishia kwa silabi yenye mkazo, nayo imepewa nota iliyo nzito. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tukisema “nikiegemea mikono ya milele” tunapata mizani kumi na tatu. Tukipunguza na kusema “naegemea mikono yake” tunapata kumi, lakini muziki unalikaza “ge” na “a”, wakati ulimi unataka “me”. Mwimbaji hulazimika kuchagua kati ya lugha yake na wimbo, na kwa kawaida wimbo hushinda. Wengi wetu tumeizoea lugha hii ya kanisani, ambamo maneno ya kila siku hukaziwa mahali pasipo pake, hata hatuioni tena.

Kitenzi chenyewe ni taabu. Kiingereza kina neno moja kwa mwili na kwa moyo. Sisi tuna kuegemea, ambako ni kwa ukuta au bega, na kutegemea, ambako ni kwa mtu na ahadi. Andiko la Kumbukumbu la Torati halina hata kimoja kati ya hivyo. Lasema mikono iko chini, kama ya mama aliyempakata mtoto. Showalter ndiye aliyemsimamisha mtu wima na kumpa bega la kuegemea, labda kwa sababu aliwaandikia watu wazima wawili waliofiwa. Mfasiri wa Kiswahili hana lazima ya kumfuata. Akikiacha kitenzi kabisa akasema “mikononi mwake mwa milele”, anapata mizani kumi: mkazo waangukia “no”, ya tatu, “mwa” ya “mwake”, ya tano, na “le” ya kwanza ya “milele”, ya tisa, papo hapo panapotakiwa na muziki. Ya kwanza na ya saba ni silabi hafifu zisizopinga. Hiyo “mwa” ya ndani yafanya kazi ambayo kitenzi kingeifanya, na inamrudisha mtu kwenye kupakatwa. Inabaki silabi moja ya ziada, na dawa yake ni kuigawa nota ile ya mwisho sehemu mbili katika sauti zote nne, ya kwanza ndefu na ya pili fupi: pembetatu mbili za do kwa sauti ya kwanza, mahali ambapo Showalter aliandika moja.